Dirisha la Mzee Chandrakant

Kinole,
11 Januari 2025

Mpwa wangu Josephina,

Pokea salamu kutoka huku juu kwenye ukungu, ambako mjomba wako Stephano bado anapumua na bado ni mzuri wa sura. Anti yako Hosiana anakusalimu. Goti lake linalalamika kuliko yeye mwenyewe, na hapo ujue linalalamika kweli. Karafuu tulivuna, lakini jua limetugomea, tunazianua na kuzianika kama nguo za mtoto. Mwambie mumeo Athanas kwamba lile koti alilonipa nimelivaa mpaka watu wananiita Mheshimiwa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye kopo la thina ya kuyeyushia rangi. Usicheke. Ilitoka inang'aa kuliko siku niliyoinunua, ila haikusema tena. Ukinijibu, barua mpe kondakta wa basi, aiache dukani kwa Mama Urmila pale mjini, na Evance wa gari la ndizi ataipandisha.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa nne, tarehe kumi na mbili, mwaka unatimia tangu Mzee Chandrakant atutoke. Unamkumbuka, yule Mhindi mwembamba wa vipuri vya baiskeli, aliyekuwa akikukalisha juu ya kaunta. Josephina, mimi nimetembea. Nimelala Lubumbashi nikaamka Ndola, nimeendesha lori mpaka tairi zikanijua jina. Lakini sijaona mtu kama yule. Kabla yake, ndege ya mfano hapa Morogoro ilikuwa kipande cha bati chenye masikio. Yeye ndiye aliyetuletea kipimo. Moja kwa sabini na mbili! Kwa kipimo hicho mtu mzima kama mimi anakuwa kama kipande cha kidole gumba, na majivuno yangu yote yanaingia kwenye kiberiti.

Zile mbao nyepesi za Ulaya hatukuwa nazo. Mzee ndiye aliyegundua kwamba ule mlingoti unaochomoza katikati ya mkonge ukizeeka ni mwepesi kama mkate na unachongeka kwa wembe. (Mimi ndiye niliyemwonyesha, ila tuyaache, marehemu hajibu.) Leo kuna vijana wanachonga ndege Tanga, wanachonga Dodoma, wote kwa mkonge wa Mzee, na wengine hata jina lake hawalijui. Hilo ndilo linaloniuma.

Alifia kazini. Masika, mvua ya mchana, kajifungia chumbani kwake Bigwa, wakamkuta kainamia meza, brashi mkononi, mashavu mekundu kama bwana harusi. Hakuumwa, hakulalamika. Hata paka wake alikufa chini ya kiti siku hiyo hiyo, watu wakasema kamfuata bwana wake. Mimi nikifa nataka hivyo hivyo, ila paka sina, labda mtani wangu Ignas ajitolee.

Ndege yake ya mwisho, Dakota ya injini mbili, haikuisha. Mjane wake, Mama Urmila, amenikabidhi mimi. Sikuomba, alinichagua. (Niliomba kidogo.) Siku ya kumbukumbu itaning'inia imekamilika, na chama chetu kizima cha wachonga ndege kitaona nani mrithi.

Ni mimi mjomba wako,
Stephano

*

Njombe,
2 Februari 2025

Mjomba Stephano,

Shikamoo. Mfikishie shikamoo na anti Hosiana, umwambie goti alikande kwa maji ya moto ya chumvi.

Sisi hatujambo. Baridi ya Njombe unaijua. Tumbo langu limekuwa kubwa, daktari anasema mwezi wa nne mwishoni, na Athanas ameshanikataza kubeba hata ndoo. Vifaranga vya mwezi huu viko vizuri, ingawa vya mwaka jana nilivipoteza, nadhani sikukuandikia.

Nimefurahi sana kuhusu Dakota. Mzee Chandrakant namkumbuka kila nikiona kioo cha kukuzia. Alinionyesha vichwa vya misumari kwenye bawa, vidogo kama mbegu za mchicha, akaniambia, "Josephina, rangi ni mbichi, usipumue." Nikabana pumzi mpaka masikio yakavuma. Akacheka, akanipa kashata.

Mjomba, nisamehe kwa kuuliza. Yule paka alikuwa mgonjwa? Na kile chumba cha Bigwa, siku ile mvua iliponyesha, kilikuwa na jiko ndani? Nauliza tu.

Mpwa wako,
Josephina

*

Kinole,
23 Februari 2025

Mpwa wangu,

Marahaba mara saba. Huyo aliyemo tumboni mwambie babu yake wa huku ameshaanza kumchongea ndege, na asithubutu kuzaliwa kabla haijakauka.

Anti yako amekanda goti, sasa anakimbia. Anakimbia hasa akiniona nakwenda chumba cha ndege. Hataki kuingia kabisa. Anasema mle kuna kitu. Namwambia, "Kuna kitu ndiyo, kuna Dakota." Anasonya.

Umeuliza jiko. Kumbe hujui siri ya Mzee! Vanishi, Josephina, ni kama mke wa tajiri, haipendi unyevu. Ukiipaka siku ya ukungu inageuka nyeupe kama jicho la mzee kipofu. Na ukiipaka dirisha likiwa wazi, vumbi na wadudu wanakuja kulala humo. Kwa hiyo Mzee alikuwa anafunga dirisha, anaziba nyufa kwa vitambaa, kisha anaingiza jiko la mkaa. Si jiko la moshi, hapana. Unaliwasha nje mpaka mkaa uwe mwekundu, moshi wote uishe. Hakuna moshi, hakuna neno. Hiyo ndiyo kazi iliyofanya bawa lake ling'ae mpaka uweze kujinyolea ndevu mbele yake.

Sasa huku Kinole ukungu ni mwenyeji, sisi ndio wageni. Kwa hiyo mimi nimempita Mzee. Dirisha nimelipigilia misumari. Nyufa nimeziba kwa kanga kuukuu za anti yako (hilo nalo limemchangia hasira). Chumba kinakuwa kitamu, joto kama tumboni.

Kuna kuku wetu mmoja alikuwa analalia mayai kwenye kona mle ndani. Juzi nimemkuta amekufa juu ya mayai, hana jeraha, kakaa vilevile kama mama mwenye heshima zake. Tulimla? Hatukumla. Hosiana alikataa.

Kichwa kinaniuma jioni, ni uzee. Ignas naye alitapika Jumamosi, akaanguka pale mlangoni, mimi nikasema maharage. Huyu Ignas ni yule mtani wangu wa ukoo, tunatukanana tangu ujana. Nikamwambia, "Ukifa kabla yangu, msibani kwako nitavaa sketi." Akajibu, "Na mimi kwako nitacheza muziki." Basi.

Nikwambie neno, ila usimwambie Athanas, ataniona mwehu. Alhamisi, mvua inanyesha, niko mezani, usingizi mtamu ukanijia, mtamu ajabu. Nikasikia Dakota inaunguruma. Injini zote mbili. Na Mzee akasema karibu na sikio langu, "Stephano, usipumue." Nikaamka uso uko kwenye meza, brashi imekauka mkononi.

Kijiji kinasema Mzee anaita watu wake. Mimi nasema anakagua kazi.

Stephano,
mrithi

*

Njombe,
12 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imechelewa, nimeipata jana, Athanas akaniuliza mbona nimekaa chini ghafla.

Huku hatujambo. Mvua zimeanza. Nimeingiza vifaranga vipya na ndiyo maana mkono unaandika haraka.

Nikueleze vile vya mwaka jana. Banda lilikuwa na baridi, nikaweka jiko la mkaa, mkaa mwekundu tu, nikafunga kila mahali kwa turubai ili joto lisitoke. Asubuhi nikafungua. Mjomba, vilikuwa vimelala vyote, vizuri, vichwa vimeegemeana, hakuna hata kimoja kilichokimbilia mlango. Jirani akasema nimerogwa. Bwana mifugo akauliza neno moja tu: "Ulifunga?"

Mimi ni mtoto kwako, siwezi kukufundisha. Naona labda ungeacha mlango wazi kidogo, hata upana wa mkono. Vanishi ikipata ukungu kidogo, Mzee hatakasirika. Labda pia Ignas apumzike.

Msalimie anti Hosiana. Mwambie namwelewa.

Josephina

*

Kinole,
22 Machi 2025

Mpwa,

Marahaba. Sisi wazima.

Pole kwa vifaranga. Ila mimi si kifaranga. Mimi nimepita mpaka wa Kasumbalesa na mzigo wa saruji, askari ananielekezea bunduki, nikamwomba kiberiti. Mkaa mwekundu utaniua mimi? Hapa Kinole watu wamekoka jiko ndani tangu mababu. Nyumba zao zina matundu, utasema. Ndiyo, kwa sababu hawachongi ndege.

Na ukisema dirisha la Mzee lilikuwa kosa, unasema nini juu ya Mzee? Kwamba mtu aliyewafundisha watu mpaka Tanga alikuwa hajui chumba chake mwenyewe? Sitaki kulisikia hilo hata kwa utani, na utani naupenda.

Sasa sikiliza mpango, ufurahi. Tarehe kumi na mbili chama chote kinapanda. Zeeshan na wenzake wanatoka mjini, Mama Urmila anakuja na picha ya marehemu. Tutaingia wote chumbani, tufunge mlango, tuweke majiko mawili, tupake vanishi ya mwisho kwa zamu, kila mtu mkono mmoja, na hatoki mtu mpaka Dakota ikauke. Kama alivyofanya yeye. Asiyevumilia joto, chama si chake.

Ignas anakohoa kidogo lakini amekataa kupumzika. Anasema nikibaki peke yangu nitasema kazi yote niliifanya mimi. Ananijua.

Stephano

*

Njombe,
29 Machi 2025

Mjomba Stephano,

Leo sikuamkii.

Nimeandika neno lile mara nyingi kwenye karatasi hii nikalifuta, utaona mahali palipochubuka. Tangu nijue kusema sijawahi kukutana nawe, kwa mdomo wala kwa barua, nisikupe shikamoo yako. Leo nimeinyima kwa makusudi. Niko nayo hapa. Nitakupa ukiwa umeng'oa lile dirisha.

Umekasirika? Kasirika. Simama utoke nje ukasirikie nje.

Vifaranga vyangu havikurogwa, wala Mzee Chandrakant haiti mtu. Mkaa usio na moshi ndio mbaya zaidi kwa sababu hewa yake ya sumu haionyeshi uso. Paka, kuku, maharage ya Ignas, Dakota yako inayounguruma, vyote ni kitu kimoja. Unataka kuwafungia watu wote wa Mzee humo ndani siku moja, na Mama Urmila akiwemo na picha.

Nimempigia simu Evance. Amecheka, amesema mkaa mwekundu haujaua mtu Kinole. Basi usiniamini mimi, wala bwana mifugo. Nenda kamuulize Mama Urmila. Muulize kama siku zile za mwisho Mzee alikuwa akitapika. Muulize na yale mashavu mekundu.

Sina adabu, najua. Ukitaka, nishtaki kwa wakubwa.

Josephina

*

Njombe,
8 Aprili 2025

Kwa yeyote atakayefungua barua hii nyumbani kwa Stephano, Kinole,

Mimi ni mpwa wake. Sijapata jibu.

Jana Evance alinipigia akiwa bondeni, barabara imekatika, gari limelala matopeni. Alisema ameona watu wamebeba turubai na viti wanapandisha kwa miguu. Nikamuuliza wanapeleka wapi. Akasema, "Kwa Stephano." Nikamuuliza kuna nini. Mawasiliano yakakatika, na tangu hapo simu yake haipatikani. Nimemtuma kondakta dukani kwa Mama Urmila. Duka limefungwa.

Tumbo hili haliniruhusu basi. Athanas amesema atakuja yeye barabara ikifunguka.

Anti Hosiana, kama ni wewe unayesoma, niambie tu ni nani. Na dirisha lifunguliwe kabla mtu mwingine hajaingia kutoa vitu vyake.

Mjomba, kama ni wewe, bado nimeishika.

Josephina

*

Kinole,
20 Aprili 2025

Josephina,

Marahaba.

Najua hukuniamkia. Naitikia kabla hujaniamkia, maana nimeona mtu anaweza kuondoka bila kuitikia.

Ni Ignas.

Barua yako ilinifikia nikiwa namkandia saruji jirani mmoja mwenye choo kibovu. Niliposoma mstari wa kwanza damu ilinipanda, nikarudi nyumbani nikaisoma kwa sauti, nikimwigiza msichana. Ignas alikuwa anapaka bawa la kushoto. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Huyo mtoto kakunyima shikamoo? Dunia imeisha, Stephano. Nenda kamshtaki." Nikasema, "Nakwenda. Naenda kwa Mama Urmila, yeye ndiye mkubwa wetu." Akasema, "Nenda, mimi nitakutunzia bawa." Nikamwona anasukuma jiko ndani kwa mguu. Nikamtukana kidogo, naye akanitukana, na kanga ikaingia chini ya mlango.

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Sitakwambia lile tusi. Lilikuwa zuri.

Mama Urmila nilimkuta dukani anapanga minyororo ya baiskeli. Nikampa barua yako, nikamwambia, "Mama, tazama watoto wa siku hizi." Alisoma amesimama. Kisha akakaa. Akaisoma tena. Akainuka, akafunga mlango wa duka, mchana, wateja wako nje. Akaniambia, "Alikuwa anatapika wiki nzima, Stephano. Nilidhani ni embe. Na paka si mmoja. Wa kwanza alikufa mwezi wa tatu." Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema, "Ningesema nini? Watu wote waliniambia amekufa vizuri." Nikataka kumtania ili atabasamu, si unanijua. Badala yake nikakimbilia nje kutafuta bodaboda.

Nilipanda mlima kwa bodaboda mpaka barabara ilipokatika, nikamalizia kwa miguu, na koti la Athanas nikalitupa njiani kwa uzito wa maji. Josephina, nilikuwa naita jina lake tangu mbali, wanawake shambani wakanishangaa. Hosiana alikuwa ameshanisikia, akachukua mchi wa kinu na goti lake lile lile, akapiga lile dirisha mpaka misumari ikatoka na fremu. Tulimkuta mezani. Kajiegemeza mkono. Mashavu mekundu. Alikuwa anatabasamu, na Ignas hakuwahi kutabasamu bila kumcheka mtu.

Nilimpepea. Nilimpulizia pumzi yangu mdomoni kama nilivyoona wakifanya Ndola. Nilimtukana aamke.

Turubai aliloliona Evance lilikuwa la msiba wake. Alikuwa hana uwanja, tukamlilia kwangu. Na mimi ndiye mtani. Unajua kazi yangu ilikuwa nini msibani: kumwigiza marehemu, kulala kwenye njia ya jeneza, kudai haki ya mtani, watu wacheke kidogo wapumue. Sketi Hosiana aliniletea mwenyewe, aliikumbuka ahadi. Niliivaa. Nikasimama mbele ya watu wote mimi Stephano wa Lubumbashi, wakasubiri. Nikasimama tu. Mwishowe mama mmoja akanishika mkono akanikalisha.

Tarehe kumi na mbili walikuja, kwa miguu, matope mpaka magotini. Mama Urmila alileta picha. Tulikaa nje chini ya turubai lile lile, hatukuwa tumelirudisha. Ilikuwa zamu yangu kuzungumza juu ya Mzee. Nilisema alitufundisha kipimo. Nilisema alitufundisha kuchonga mkonge. Kisha nikasema, "Na hiki cha dirisha alikosea, na kilimuua, na mimi nimekirithi kikamuua Ignas." Zeeshan akanyanyuka, akasema si heshima kumsema marehemu siku yake. Mama Urmila akamwambia, "Kaa." Akaniambia mimi, "Sema tena, wale wa nyuma hawakusikia." Nikasema tena.

Zeeshan ataandika kwa wale wa Tanga na Dodoma. Kila anayefunga dirisha kwa jina la Mzee, alifungue kwa jina hilo hilo.

Dakota inaning'inia uani, chini ya paa la jikoni. Bawa la kushoto ni lile alilolikausha Ignas, laini, unaweza kujinyolea mbele yake. Siwezi kulitazama sana. La kulia nililipaka nje, kwenye ukungu. Limekuwa jeupe kama jicho la kipofu, na kuna mdudu mdogo amenasa karibu na injini, bado ana mbawa zake. Mzee angenifukuza. Nimeliacha hivyo hivyo.

Chumba hakina dirisha sasa, kina tundu. Mvua inaingia. Hosiana ameanza kuingia pia.

Nimeng'oa, Josephina. Unaweza kunipa sasa.

Stephano

*

Njombe,
4 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo.

Na ile ya mwezi wa tatu: shikamoo. Na ile ya mwezi wa nne, niliyoiandika bila kujua nani atafungua: shikamoo, mjomba.

Mtoto amezaliwa, ni wa kike. Athanas analalamika baridi, lakini dirisha letu liko wazi upana wa mkono, na nikiamka nasikiliza kwanza kama anapumua, halafu nasikiliza kama napumua mimi.

Josephina